Maji Tuliyowaachia Trauti

Jumamosi, mtaani Ziwani. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua imekataa. Nimechoka, ila ni uchovu mtulivu, kama wa mtu aliyemaliza kufua nguo nyingi.

Jana nilikuwa Nyandarua, milimani. Kazi yangu ni kupima mito, na safari hii tulitakiwa kuamua jambo moja: wakati wa kiangazi, ni maji kiasi gani lazima yaachwe yapite mtoni kabla jiji halijachukua yake.

Kabla ya mkutano, Muturi, anayelinda lango la maji kule juu, alinipeleka nikajionee. Upande wa juu wa ukuta wa zege unaozuia maji, mto ulikuwa mto. Chini yake yalibaki mawe makavu na vidimbwi. Maji yote yalikuwa yameingia kwenye bomba linalokuja huku kwetu jijini.

Katika kidimbwi kimoja walijazana trauti. Hawa ni samaki wa maji baridi yanayokimbia. Maji yakisimama na kupata joto, hewa hupungua ndani yake. Walikuwa wamebanana, vinywa vikifunguka na kufungika. Niliwachukua video. Sikujua nitamwonyesha nani.

Mkutanoni, mkulima mmoja mzee alisema trauti waliletwa na wakoloni, kwa nini wapewe maji ilhali watu wanakosa? Sikumdharau. Nilimwambia kwamba maji yanayomtosha trauti ndiyo yanayoshuka hadi kwa ng'ombe na mashamba ya walio chini, na mto ukikatwa pale ukutani, wao ndio wanaofuata kukosa. Kisha nikataja kiwango ninachopendekeza. Kilikuwa kikubwa kuliko walivyotarajia.

Nilijua maana yake. Kiangazi hiki chote, mitaa kadhaa ya Eastlands, huku jijini, itapunguziwa siku moja ya kupata maji kila wiki. Mtaa wangu umo.

Pendekezo likapita.

Leo nimeona si vizuri jirani yangu asikie habari hii kwa watu wengine. Mama Hodan anakaa mlango wa pili kutoka kwangu, na anapika pilau ya kuuza. Nilimkuta akichambua mchele, nikavuta kigoda, nikamweleza yote. Hakuacha kuchambua. Mwishowe akaniita kwa jina, bila kuniangalia:

"Mwende, mimi nilidhani unatufanyia kazi sisi."

Hilo lilinichoma.

Nikampa simu aone ile video. Aliitazama, akairudia. Akasema wanahema kama mama yake alivyokuwa akihema pumu ikimshika. Kisha akanirudishia simu, akauliza siku hiyo isiyo na maji yeye ataosha mchele na nini. Swali la haki kabisa. Maji yanayouzwa kwa mkokoteni ni ghali, na wateja wake hawatakubali sahani ipande bei kwa sababu ya samaki wa mlimani.

Halafu akafunika mchele, akaniambia nimfuate.

Nyuma ya nyumba za mwisho kuna bomba la mtaa lililopasuka. Maji safi yanabubujika na kuishia kwenye mtaro, na nyasi zimeota kijani kibichi pande zote mbili. Aliniambia ameripoti mara kadhaa na hakuna aliyekuja.

"Na haya? Haya pia ni ya trauti?"

Nilitaka kusema mabomba si idara yangu, yangu ni mito. Ingekuwa kweli. Lakini viatu vyangu vilikuwa vimeshalowa, na mwanamke aliyesimama kando yangu ndiye atakayelipia uamuzi niliousimamia jana. Nikamwambia Jumatatu asubuhi twende pamoja ofisi ya maji, na hatutaondoka mpaka tujue fundi ni nani na anakuja lini. Akakubali, ingawa hakutabasamu.

Jioni hii Muturi ametuma picha. Lango limewekwa kwa kiwango kipya na maji yanapita juu ya mawe. Kile kidimbwi hakionekani tena, wala samaki, wametawanyika.

Nimefurahi, siwezi kukana. Hata leo, baada ya yote, ningependekeza kiwango kilekile.

Ila picha hiyo sijampelekea Mama Hodan. Nataka kwanza nimwonyeshe bomba lililozibwa.