Nilikwenda Kumzuia Mume Wangu Asinunue Lile Gari

Mwenzangu, niko uani kwa watu, kiatu kimoja mkononi. Usicheke kwanza, soma.

Si unajua nilivyoapa mume wangu hanunui lile gari la kizamani. Leo nimemsindikiza nimekunja uso, nia yangu kumharibia.

Mwenye gari ni mama mmoja mstaafu. Hakuficha kitu. "Kutu imekula milango na buti. Injini yake ilikufa, hii ni ya pikapu. Ina nguvu kuliko mwili."

Mume wangu akaninong'oneza, "Hili bovu, twende zetu." Yeye huyo huyo aliyeninyima usingizi kwa picha za gari hilo hilo.

Nikasema ngoja nikae ndani kidogo tu. Kukanyaga hivi, sakafu ikatoboka, mguu ukazama mpaka kwenye majani. Kiatu kikabaki chini ya gari. Chini, mwenzangu.

Yule mama akasema taratibu, "Hapo nilisahau kukutajia."

Nilicheka mpaka machozi, naye akacheka. Akanipa ufunguo. Nilipowasha, ule mngurumo ukaniingia kifuani. Nimezunguka mtaa mzima huku upepo unanipuliza kutoka miguuni, natabasamu peke yangu kama mwehu.

Kurudi nikamwambia, "Mama, nalichukua."

Mume wangu: "Unachukua nini?"

"Gari."

"Lenye tundu?"

"Tundu litachomelewa."

Sasa kakaa kwenye ngazi. Nimemwambia Jumapili nitamwachia aendeshe, akiomba vizuri.