Nyumba ya Mama Nyangeta

Jumanne, 2 Septemba 1997
Nimepiga chapa mahojiano asubuhi nzima. Wajane watupu. Mgongo unauma. Mchana tumekwenda Igoma na Dada Felista, mtafiti wetu, kumhoji Mama Nyangeta. Amefiwa na mume. Shemeji yake, Mzee Magesa, anataka kumrithi, yeye pamoja na nyumba. Mimi ndiye niliyesisitiza tupite kwanza kwa balozi wa nyumba kumi, ndiyo adabu. Balozi naye, kwa adabu hiyohiyo, akamwita mkubwa wa familia. Ndiye Magesa huyohuyo. Akakaa nasi hadi mwisho. Mama Nyangeta akasema amekubali kurithiwa. Alikuwa anatazama chini.

Alhamisi, 4 Septemba
Mama Nyangeta kaja ofisini peke yake. Hajakubali chochote. Aliogopa. Shauri la urithi ule linasikilizwa Jumanne, mahakama ya mwanzo, na balozi atakwenda kueleza alichosikia. Dada Felista yuko Dodoma mpaka wiki ijayo. Wa kueleza vinginevyo ni mimi tu.

Mara Magesa akabisha hodi. Nikamsukuma mama ndani ya chumba cha kuchemshia chai. Magesa akachungulia huku na huku, akacheka, akisema ofisi nzima haina hata mwanamume wa kupiga naye soga. Kisha akaniuliza ukoo wangu. Baba ni nani, babu kazikwa wapi. Nikajibu yote. Mjinga mimi.

"Basi wewe ni binti yetu," akasema. "Mimi ni baba yako mdogo. Shemeji akija hapa, unijulishe."

"Ndiyo, baba."

Mlango wa chumba kile ni mbao nyembamba. Mama alipotoka aliniuliza kitu kimoja.

"Na Jumanne utamwita baba?"



Jumapili, 7 Septemba
Kaka kaja kutoka Nyakato. Magesa amekwishafika kwake, kanisifia kwamba nina adabu. Lazima habari zitamfikia baba mzazi kule Majita. Naogopa. Sitaki kwenda mahakamani. Nimechoka kuandika shida za watu, kisha kurudi nyumbani kula ugali.

Jumanne, 9 Septemba
Nimekwenda. Nimeeleza Magesa alikaa wapi siku ile: benchi moja na mama, bega kwa bega. Mzee mmoja wa baraza akaniuliza huyu bwana ni nani kwangu.

"Ni baba yangu mdogo," nikasema. "Lakini alikaa pale."

Mahakama imeamua nyumba ibaki kwa mama na watoto wake. Hakuna wa kumrithi bila ridhaa yake. Mama alinishika mkono nje. Nilipaswa kufurahi. Nilitaka kulala tu.

Jumamosi, 13 Septemba
Jioni nimepita soko la Mwaloni kununua sato. Magesa alikuwa anapakia magunia ya dagaa. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nikangoja. Wabeba mizigo wakaniomba njia. Nikasogea, nikaenda kuchagua samaki.