Fua!

Mke wangu Mama Zuhura,

Hatujambo huku Nkome, ila upepo na harufu ya dagaa. Jana mashua yetu kuukuu ilivuja tena katikati ya ziwa. Nikawa nashindilia pamba kwenye mbao zilizoachana, huku nikimpigia kelele Masanja, mfuga ng'ombe tuliyemwajiri juzi: “Fua! Fua upesi!” Kwetu sisi wa majini, kufua ni kutoa maji chomboni. Yeye akachomoa kanga yako kwenye furushi langu, akaifua kwa sabuni.

“Si umesema fua, baba?”

Mashua imepona. Lakini kanga ile ndiyo niliyokuwa nalalia, ilikuwa bado na udi wako. Sasa inanukia sabuni tu.

Zuhura mwambie marahaba. Nawe nitumie nyingine, uliyokwisha kuivaa. Mimi mumeo nakuomba, usiifue.