Mwanagenzi wa Miaka Kumi na Moja

Mdogo wangu mpenzi,

Barua hii ikukute goti limepoa na watoto wako, wanangu, wanakula vizuri. Mimi nipo, nakokota siku. Kifua kimetulia, ila moyo haujatulia, na sababu utaiona huko chini.

Yale uliyosikia kuhusu kiwanda chetu cha kufulia mashuka ni kweli. Wakaguzi wa kazi waliingia bila taarifa, wakasimama chumba cha pasi mpaka jasho likawalowesha, wakamhoji kila mtu peke yake. Tajiri amepigwa faini, tena ameamriwa awalipe wafanyakazi pengo la mshahara, yaani tofauti kati ya alichowapa na kima cha chini cha sheria. Yule mama wa kukunja mashuka aliniambia walipiga vigelegele, kisha wakarudi kukunja, maana shuka halingoji hukumu.

Nikueleze kidogo, unijuavyo. Faini huenda serikalini, haimfikii aliyeonewa. Kinachomfikia ni lile pengo, na akiwa amefariki hulipwa mjane wake. Ndiyo maana nilikwenda ofisi ya kazi kuuliza haki ya marehemu shemeji, mumeo, nikijua ada za watoto zimekukaba.

Afisa, binti mpole, alifungua jalada akasema shemeji hadai kitu. Makaratasi yanamtaja kuwa mwanagenzi, na mtu anayejifunza kazi huruhusiwa kulipwa chini ya kima kwa miezi sita ya mwanzo. Nilimwambia huyu alinyoosha mashuka miaka kumi na moja. Akanigeuzia fomu zote ishirini na mbili, moja kwa kila miezi sita, akauliza kama naujua mkono wa msimamizi aliyezitia sahihi. Nikajibu kwamba macho yangu ni mabovu.

Mdogo wangu, macho yangu ni mazima. Sahihi ni yangu. Tajiri alizileta mezani kwangu nikiwa msimamizi, akisema ni utaratibu tu, na asiyetaka mlango uko wazi. Nikaogopa mlango. Shemeji hakujua kusoma; nilimwambia karatasi hiyo inamlinda kazini, nikakichovya kidole chake kwenye wino kwa mkono wangu. Wenzake walimtania, babu utafuzu lini? Naye alicheka, akasema atafuzu siku ya kuzikwa. Nami nilicheka nao.

Wenzake walio hai wamejisemea kwa wakaguzi, fomu zao kama hizo zikatupiliwa mbali. Yeye amebaki na mimi tu wa kumsemea. Jumatatu narudi kwa yule binti kuandika maelezo. Najua aliyeghushi naye ana adhabu yake. Nimetaka ulisikie hili kwangu kwanza, na sikuombi unijibu.

Nisalimie wanangu. Mkubwa akiuliza, mwambie baba yake alifuzu zamani sana, mwezi wa sita wa mwaka wa kwanza. Cheti chake nilikikalia mimi.

Ni mimi kaka yako,
ukiniita bado.