Kabla Majina Hayajabandikwa

S.L.P. 14,
Tinde,
Shinyanga.
19 Mei, 1996.

Mpendwa Shangazi Zipora,

Shikamoo. Natumaini mko wazima huko Tanga. Je, kifua cha Baba Abel kimepata nafuu? Na Abel bado anakataa kula samaki wakati anaishi kando ya bahari? Mwambie huku Tinde tungempa dagaa mpaka azoee.

Kwanza naomba usishtuke. Kaka yako aliumia kule Geita, lakini yuko hai, anakula vizuri, na anabishana na redio kama kawaida yake. Nitakueleza yote. Barua hii nimeianza asubuhi, nikaiacha, nikaishika tena. Siwezi kutulia. Basi la Shinyanga likipiga honi barabarani, nasimama kama vile nimeitwa.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba naomba nafasi ya uuguzi katika chuo cha misheni nje ya mji wa Shinyanga. Baba alikubali kwa shingo upande. Alisema nikikosa nafasi hiyo niende Geita nikawapikie wachimbaji wake, maana mpishi wao amehamia shimo jingine lenye dhahabu zaidi. Shangazi, unanijua. Mbele ya wageni watatu tu sauti yangu hupotea. Nitaishije katika kambi ile ya wanaume wanaopiga kelele mchana kutwa?

Kwa hiyo nilijiandaa sana kwa usaili. Rafiki yangu Tahera, binti wa Mzee Tanvir mwenye duka la vitambaa na sukari hapa Tinde, alinifanyia mazoezi katika stoo ya baba yake. Yeye alikaa juu ya magunia akawa mwalimu wa chuo, mimi nikasimama mlangoni. Akaniuliza kwa nini nataka kuwa muuguzi. Nikajibu. Akasema, "Paza sauti, dada, hata panya wa stoo hawajakusikia!" Tukarudia mpaka mama yake akatuuliza kama tunagombana.

Siku ya usaili nilivaa sketi yangu ya shule na viatu vya Tahera. Ndani walikuwepo daktari mzee, sista mmoja, na mama mkuu wa wauguzi ambaye wote walimwita Metroni. Shangazi, nilipowaona wakubwa wale, mazoezi yote ya stoo yalinitoka. Nilifanya kama ulivyonifundisha nilipokuwa mdogo. Nilipiga magoti sakafuni, nikatazama chini, nikasema shikamooni, nikangoja waitikie. Daktari alikohoa. Metroni akasema, "Marahaba. Inuka binti, sakafu hiyo imepigwa dawa sasa hivi." Nikainuka na magoti yamelowa.

Maswali ya biolojia niliyajibu, ingawa polepole. Kisha Metroni akaniuliza, "Ukipewa mgonjwa mwanaume, mzee wa rika la baba yako, hawezi kujiosha, utafanyaje?" Nilihisi masikio yanawaka. Mwishowe nikasema nitamwita mwanawe wa kiume aje amwoshe. Sista alitabasamu, daktari akatazama dirishani. Metroni hakucheka. Alisema, "Majina tutayabandika mwisho wa mwezi. Ukipata jibu lingine kabla ya hapo, rudi uniambie."

Nilirudi nyumbani nikiamini amenidhihaki. Sikumwambia mtu, hata Tahera. Nilimrudishia viatu vyake nikasema vilinibana.

Mama alikuwa ameshakwenda Kishapu kumuuguza bibi, na bado yuko huko. Ndipo lori la Mzee Tanvir, lililokuwa limepeleka bidhaa Geita, likamleta baba akiwa amelazwa juu ya magunia matupu. Walikuwa wanamvuta kutoka shimoni, kamba ikamchana viganja vyote viwili, akaachia, akaanguka. Hospitali walimfunga plasta ngumu kutoka pajani hadi kifundo cha mguu, na mikono wakaifunga bandeji. Kaka Nkwabi alibaki kulinda shimo, maana ukiliacha wazi wenzako wanaingia.

Basi tulikuwa wawili tu, mimi na baba. Matope ya shimoni yalikuwa yamemkaukia mgongoni na mapajani, na pembeni ya plasta ngozi ilianza kuchubuka na kunuka. Nikamwambia anahitaji kuoga. Akasema, "Mwite Onesmo." Onesmo jirani alikuwa amepeleka ng'ombe mnadani. Akasema basi tungoje. Tukangoja. Kesho yake mwili wake ulikuwa wa moto na Onesmo hajarudi.

Nilichemsha maji, nikaweka chumvi kidogo, nikaingia na kanga ya mama. Nikasema, "Baba, nitakufunika. Sitatazama."

"Utaoshaje usichokitazama?"

"Naosha kwa mkono, baba, siyo kwa jicho."

Akageuza uso ukutani akasema, "Haya."

Shangazi, nilianza na mgongo, kwa sababu mgongo hauna haya. Nilipofika sehemu nyingine nilipitisha kitambaa chini ya kanga, nikisimulia habari za mihogo na za kuku aliyeatamia, chochote tu. Baba akasema kutoka ukutani, "Mkono wako msasa mtupu, ng'wanone, mwanangu. Hao wagonjwa wako watapona kwa woga." Nilicheka mpaka nikamwaga maji.

Nilipokuwa namkausha nilimweleza lile swali la Metroni.

"Ukamjibu nini?" akauliza.

"Nilisema nitamwita mwanawe wa kiume."

"Na mwanangu wa kiume yuko wapi?"

"Analinda shimo."

Nilimaliza kumfunika shuka. Ndipo akasema, "Mtu anayekudhihaki hakwambii urudi. Anakwambia kwaheri. Nenda kamwambie umemwogesha baba yako Pantaleo na ngozi imebaki."

Homa imeshuka, na vidonda vinakauka. Lakini Mama Onesmo alinikuta uani nikikamua kitambaa, akaniuliza nimemwosha nani. Sikuweza kudanganya. Alishika kichwa akasema, "Binti na baba yake! Kishapu wakisikia itakuwaje?" Najua watasikia, na kutoka Kishapu maneno yatafika kwako. Nimetaka yakufikie kwanza kutoka kwangu. Wewe ndiye uliyenifundisha jinsi mtoto wa kike anavyopaswa kuwa mbele ya baba. Ukiona nimekosa, niandikie, nitapokea. Hata hivyo bado nitakwenda chuoni.

Kesho Jumatatu napanda basi la kwanza. Onesmo amerudi na atakaa na baba. Sijui kama Metroni atanikumbuka, au kama nafasi zimejaa. Nimeshapiga pasi sketi, nikaikunja, nikaikunjua, nikaipiga pasi tena. Nitapiga magoti kama ulivyonifundisha, nitangoja aitikie. Halafu nitasimama na kumjibu kwa sauti ambayo hata panya wa stoo wataisikia.

Nisalimie Baba Abel, Abel, na Dada Paskalina akipita hapo kwenu. Baba anakusalimu, anasema uniombee mimi kwanza, mguu wake utajitegemea. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na atukutanishe tukiwa na afya.

Ni mimi mwanao ninayekupenda na kukukumbuka,

Asteria Pantaleo