Kugeuza Kimanda Bila Mwiko

Aprili 4

Kwa baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi na mama hatujambo. Shangazi ndiye aliyenipa anwani ya bwalo unalopikia; usimlaumu, nilimsumbua sana. Nina miaka kumi na sita sasa, na somo langu ni upishi.

Tarehe 12 Juni tuna mtihani wa vitendo. Kila mmoja atageuza kimanda hewani bila kukigusa kwa mwiko. Atakayeweza atapata nafasi chuo cha upishi. Atakayeshindwa, basi tena. Mwalimu wetu mwenyewe hugeuzia kwenye sahani. Shangazi anasema wewe hugeuza vimanda hamsini kila asubuhi huku unapiga soga. Naomba unifundishe. Unaweza kunijibu kupitia shule.

Binti yako

Mei 2

Binti,

Marahaba. Mimi mzima.

Kikaango kiwe kidogo, chenye ukingo uliolala. Mafuta yapate moto kabla ya mayai kuingia. Usigeuze mpaka kimanda kiteleze chenyewe ukikitikisa. Hapo sukuma kikaango mbele, nyanyua ncha, vuta kwako, yote kwa mkupuo mmoja. Kimanda kikiwa hewani, peleka kikaango kulia kidogo, ukidake. Anza na kipande cha mkate kwenye kikaango baridi. Ukiweza mara kumi mfululizo, washa moto.

Baba

Mei 15

Kwa baba,

Shikamoo. Habari za kazi? Huku kwema. Mama anasema kuku wa mtaa huu wakipata habari zangu watagoma kutaga.

Nimefuata kila neno, ila zile mara kumi za mkate sikuzifikisha, nikawasha moto. Barua yako nimeibandika ukutani juu ya jiko, na naisoma kabla ya kila jaribio. Mkate unageuka vizuri, kisha unaanguka nje. Vimanda vinne vimeishia sakafuni, vyote upande wangu wa kushoto. Sioni ninapokosea, na muda uliobaki haufiki mwezi. Tafadhali nijibu mapema.

Binti yako

Juni 9

Binti,

Marahaba. Nimechelewa, bwalo lilijaa wageni.

Hukosei wewe. Mimi hutumia mkono wa kushoto, nikaandika kama mkono wangu unavyofanya. Nilidhani unajua. Kama wewe ni wa kulia, peleka kikaango kushoto. Mengine ni yale yale.

Baba

Juni 17

Kwa baba,

Shikamoo. Barua yako imefika jana. Mtihani ulikwishapita.

Wiki moja kabla ya mtihani, mama alisimama mlangoni akanitazama nikiangusha kimanda kingine. Akasema, "Baba yako hata kijiko hushika kwa kushoto." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo.

"Hukuniuliza mimi. Ulikuwa unamwuliza yeye."

Sikujua njia nyingine ila yako, kwa hiyo nikahamishia kikaango mkono wa kushoto. Nilifanya mazoezi siku saba, kiganja kikavimba. Siku yenyewe msimamizi alinitazama nikishika mpini, akasema, "Wewe si umeandika jina lako kwa mkono wa kulia?" Nikajibu ndiyo, ila kimanda nilifundishwa kwa kushoto. Akacheka kidogo, akasema haya, tuone.

Kiligeuka. Ukingo mmoja ulijikunja, akanikata alama mbili. Nimepata nafasi.

Fomu ya chuo ina mahali pa saini ya baba. Mama alikuwa tayari kusaini yeye, nikamwomba asubiri. Nimeiweka humu. Tafadhali irudishe kupitia shule kabla ya mwisho wa Julai. Ukiwa na kazi nyingi, niambie tu, mama atasaini nyingine.

Binti yako

Juni 30

Binti,

Hujambo? Mkono umepona? Mama yako anaendeleaje?

Fomu nimesaini. Siiamini posta, na mwezi ujao nimepewa likizo ya wiki moja, kwa hiyo nitaileta mwenyewe. Anwani niliyo nayo ni ya shule tu. Niandikie mnakaa mtaa gani na mlango wenu ni upi. Mwulize pia mama yako kama naweza kuingia. Akikataa, nitakukabidhi hapo hapo mlangoni.

Baba