Mlango Uliouchora

Kwako Jumanne, uliyekuwa mchumba wangu,

Nimerudi Musoma juzi. Hina bado haijanitoka miguuni, na nina furaha ambayo nisingeweza kuificha hata kama ningetaka. Nilipokuwa naishusha mizigo, mtu wa kwanza niliyetaka aijue furaha hii ni wewe.

Ningeweza kukuandikia kwa siri, nikaifunga barua na kumpa shangazi akuletee. Lakini wewe umeiweka picha yangu kwenye kioo cha studio yako pale Bunda, karibu na stendi, na kila anayeshuka anaiona. Anayeuliza unamwambia, "Huyo ni wangu, nasubiri tu ataje mahari yake." Umenitangaza hadharani, nami nakujibu hadharani, kwa bahasha isiyofungwa.

Salamu zako zilinifikia wiki ya harusi. Shangazi Mwajuma aliinama sikioni kwangu nikiwa napakwa hina, akaninong'oneza, "Jumanne anasema ndoa changa huwaga zinavunjika. Anasema yeye yupo. Utaje chochote, atalipa hata leo." Sikumjibu, kwa sababu bibi harusi mwenye hina mbichi hatakiwi kugusa kitu. Sasa mikono imekauka.

Unakumbuka siku tuliyoonana? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekuja Bunda kwa mama mkubwa, na nilihitaji picha ndogo za kitambulisho tu. Ulinipiga hizo nne, kisha ukaniambia nisiondoke. Ukaliteremsha pazia lako jipya, lile ulilolichora mwenyewe kwa kutazama kalenda ya duka la vyombo. Jumba la rangi ya waridi, ghorofa juu ya ghorofa, madirisha madogomadogo kama sega la nyuki, na katikati, chini, mlango mkubwa wa bluu wenye misumari ya dhahabu. Ukaniuliza jina. Nilipokuambia naitwa Hawa, uliweka kamera chini.

"Basi hili ni lako," ulisema. "Hili jumba linaitwa Hawa Mahal. Lipo India. Simama hapo mlangoni, kama mtu anayetoka kwake."

Nikasimama. Ndiyo hiyo picha iliyopo kwenye kioo cha studio yako leo, mimi na miaka yangu kumi na tisa, nikitoka kwangu.

Sitakudanganya kwamba haikuwa miaka mitamu. Ulikuwa unanichekesha mpaka natamani kukaa chini. Uliniletea sato wa kukaanga ndani ya bahasha ya picha, mafuta yakaloweka hata jina la studio. Kila nilipokuja uliniuliza, "Mwenye nyumba, hujambo?" na kila nilipoondoka ulisema, "Nitakupeleka ukaione." Nikikuuliza lini, ulisema, "Bado muda." Ilipita miaka minne. Siku moja nikakuambia, wakija kuniuliza mahari yangu, sitataka kitanda wala cherehani. Nitawaambia Hawa Mahal. Ulinishika mikono yote miwili. Ulisema, "Sema hivyo hivyo. Mimi nitajua."

Wazee wako wakaja Kamunyonge, hapa Musoma, kwa baba mdogo, aliyesimama mahali pa marehemu baba. Nawe ulikuwa umekaa kwenye mkeka, kanzu imepigwa pasi vizuri. Mimi nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia la mlango, na kupitia uwazi wa pazia hilo nilikuwa nakuona wewe, na wewe ulikuwa unajua kabisa kwamba nakuona, maana uliangalia mara moja upande huo ukatabasamu. Kama desturi yetu ilivyo, mahari ni haki ya mwenye kuolewa, kwa hiyo shangazi akatumwa kuja kuniuliza. Nikamwambia. Akarudi nayo sebuleni kwa ulimi wake wa kandokando ya ziwa, ulimi usiotofautisha l na r.

"Anataka Hawa Mahari."

"Hawa akina nani?" akauliza mzee wenu mmoja.

"Si hawa. Hawa. Anataka Hawa Mahari."

"Mwajuma, mahari ya Hawa ndiyo tunayokuuliza," akasema baba mdogo. "Wewe unatujibu kwa swali letu wenyewe?"

Walicheka wote, na hata mimi nyuma ya pazia nilitabasamu, kwa kuwa nilijua yupo mmoja kati yao ambaye hahitaji kuelezwa. Nilisubiri useme. Ulijikuna shingo. Kisha ulisema, nayakumbuka maneno yako kama nilivyokariri aya za chuoni, "Ah, wazee wangu, mwacheni. Hilo ni pazia la studio yangu. Huyu akili zake zilibakiaga kwenye picha."

"Basi muolee hukohuko paziani," akasema mzee wenu, na kicheko kikaanza upya. Wewe ulicheka kuliko wote. Kicheko chako nilikijua, kwa miaka minne nilikuwa nakifanyia kazi.

Wakamrudisha shangazi, nitaje kitu cha maana. Nikanyamaza. Wakamrudisha tena, nikanyamaza. Baba mdogo akasema kwa sauti, "Kimya cha mwari ni kukubali. Andikeni Msahafu na kitanda." Hapo ndipo nilipolifungua pazia nikatoka mwenyewe, kichwa wazi, mbele ya wanaume wa watu. Nikasema, "Kimya changu mimi si kukubali." Mahari haikutajwa, na ndoa haikufungwa. Wewe ulikuwa unaangalia mkeka.

Ulidhani nimekasirika, kwamba hasira zitapoa na nitataja cherehani. Miaka miwili umesubiri hapo kwenye kioo chako. Pole kwa kusubiri.

Sasa nikueleze kuhusu Idrisa, maana najua unamwita "yule muuza pampu". Ndiyo, anauza pampu za maji pale Nyakato, za wakulima wa bustani wa pembeni ya ziwa. Ni mfupi kuliko mimi kwa vidole viwili. Ana kitambi, na mikono yake inanukia grisi hata siku ya Ijumaa. Sura unamshinda, hilo kila mtu analijua, na yeye analijua pia. Wazee wake walipokuja Kamunyonge, shangazi yuleyule akatumwa, na nikampa jibu lilelile. Nilitaka wacheke mapema, tumalize. Akalipeleka vilevile, "Anataka Hawa Mahari," na baba mdogo akaanza kuinua mikono. Idrisa akatoa kalamu mfukoni.

"Shangazi, samahani," alisema. "Inaandikwaje?"

Akaiandika kiganjani mwake, kwa sababu hakuwa na karatasi. Jioni alikuja mpaka mlangoni, akanionyesha kiganja na kuuliza kama herufi ziko sawa. Hakujua kama ni mji, ni kitambaa, au ni jina la mtu. Alikuwa amekubali kabla hajajua. Jumanne, nilimpenda hapohapo, kwa kishindo, kama mtu anayeteleza kwenye mawe ya ziwa.

Kwa hiyo wenzangu fungate lao ni Butiama kwa bibi, na langu lilikuwa India. Alikuwa na safari ya kwenda kuchagua pampu kwa wenye kiwanda. Akaongeza siku moja, siku moja tu, iwe yangu, katika mji wa kale unaoitwa Jaipur. Akakodi gari na mwongozaji wetu wenyewe, watu wawili tu, hatukuchanganywa na kundi. Mwongozaji alikuwa mzee wa masharubu meupe, Bwana Mohan, na alitupokea hotelini asubuhi na mashada mawili ya maua. Kiingereza changu cha sekondari kilikuwa kinatetemeka, mpaka tulipoanza kuokota maneno njiani. Anasema gari, nasi tunasema gari. Duka, rangi, chapati, dunia, yote yetu na yao. Idrisa akaniambia, "Kumbe hawa tumesoma nao darasa moja."

Tulisimama kwanza ng'ambo ya barabara, jua likiwa limelipiga jumba usoni. Niliziba mdomo. Ni lenyewe, Jumanne. Waridi lilelile, sega lilelile la nyuki, ila pazia lako linaishia darini, na hili lilikuwa linaendelea kupanda mpaka shingo ikauma. Nikatafuta mlango wa bluu nisimame nipigwe picha. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia.

"Mlango uko wapi?" nilimuuliza Bwana Mohan.

"Mbele hakuna mlango, binti yangu. Haujawahi kuwepo. Hapa mbele ni uso tu. Wanaoingia wanazungukia nyuma. Tutarudi mchana."

Nilicheka mpaka Idrisa akaniuliza kama naumwa. Miaka minne nilisimama kwenye mlango ambao haupo, nikitabasamu kama ulivyonielekeza, na wewe ndiye uliyeuchora.

Basi siku yote ikawa tamu kwa sababu hiyo. Tulipanda kwenye ngome ya Amber, juu ya kilima, tukaingia chumba kilichojaa vioo vidogo ukutani na darini. Idrisa akajiona amekuwa mia, kila mmoja na kitambi chake. "Nimekuwa wengi, utanichoka," akasema. Nikamwambia nitawachukua wote. Tuliona jumba jingine limekaa katikati ya maji, tulivu, na Idrisa akaanza kuniambia ni pampu ya ukubwa gani ingeweza kulinyonya lile ziwa, nikamfunika mdomo kwa mkono. Kwenye uwanja wa vipimo vya nyota kuna saa ya jua kubwa kuliko nyumba. Bwana Mohan alituonyesha kivuli chake kinavyotembea, karibu upana wa kiganja kwa dakika moja, ukikazia macho unakiona kinaondoka. Nilikukumbuka hapo, wewe na "bado muda" yako. Nikamwonea huruma mtu anayengoja, muda unamwondokea kiganja kwa kiganja.

Mchana tukalizungukia jumba kwa nyuma, Idrisa akiuliza njia kila baada ya hatua tatu, ingawa mwongozaji tunaye. Ndivyo alivyo. Ukilitazama kwa nyuma si pana kama unavyodhani. Kwenye ghorofa za juu unapita katika ukumbi mwembamba, na mbele yako ni madirisha tu, mengine hayazidi upana wa uso wangu. Bwana Mohan akanieleza kwamba wake wa wafalme hawakuruhusiwa kuonekana. Walikaa hapo, nyuma ya matundu, wakitazama sherehe zinazopita barabarani. Wao wanawaona watu, watu hawawaoni.

Nikakaa, nikaweka jicho kwenye tundu. Upepo ulikuwa unaingia, maana hawa kwa lugha yao ni upepo. Na nilipokuwa natazama chini, nilikuwa nimerudi Kamunyonge, nyuma ya lile pazia, nimeshika kitambaa kwa meno. Nilikaa hapo kidogo. Sikusikia hasira wala sikukusikia wewe.

Nilipogeuka, Idrisa hayupo. Bwana Mohan akanionyesha kwa kidole chini. Mume wangu alikuwa ameteremka, amezunguka lote, amevuka barabara kati ya magari na ng'ombe, na amesimama ng'ambo akitazama juu. Kutoka pale hakuweza kuniona. Hakujua niko dirisha gani kati ya mamia. Kwa hiyo akaanza kupunga mkono kwenye kila dirisha, moja baada ya jingine, kutoka kushoto, kwa utaratibu, kama mtu anayekagua mashine. Watu walimcheka. Muuza karanga mmoja alimshika bega kumuuliza ana tatizo gani. Akamjibu kitu, akaendelea kupunga. Alipofika dirisha langu nilipunga na mimi, ingawa nilijua hanioni, na machozi yakaniloweka mtandio.

Wewe ulijua niko nyuma ya pazia gani, Jumanne. Lilikuwa moja tu. Ulitazama ukatabasamu, kisha ukawasaidia kucheka.

Hili ndilo jibu ulilolisubiri. Mahari yangu nilishaitaja, na nimelipwa, nimeikalia na kuishika kwa mikono. Usimtume tena shangazi, ameanza kuona aibu. Picha iliyopo kwenye kioo iondoe. Ndani ya bahasha hii kuna nyingine aliyoipiga Bwana Mohan siku ile kupitia tundu la dirisha langu, mtu mfupi mwenye kitambi barabarani, mkono juu, na mimi nimo nyuma ya kamera lakini huwezi kuniona. Fremu yako itaitosha, nilipima. Wakikuuliza stendi huyo ni nani, waambie ukweli.

Na ukipata rangi ya waridi, uufute ule mlango. Kuna wasichana wanaomaliza kidato cha nne mwaka huu, watakuja kwako kupiga picha ndogo za kitambulisho. Wasimame mbele ya ukuta wajue kwamba ni ukuta.

Kishika uchumba chako nilikirudisha kwa shangazi. Hunidai, nami sikudai kitu.

Ni mimi, mke wa mtu,
Hawa